Nimeshindwa kila nilichomwahidi Mungu mwaka huu

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi.

Nakuandikia nikiwa nimekwama. Usiku wa kuamkia mwaka mpya niliandika malengo matano kwenye daftari, nikayasoma kwa sauti mbele ya kikundi chetu cha maombi. La kwanza, kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja: sura tatu kila siku, na tano Jumapili. La pili, kuamka saa 11 alfajiri na kuomba saa nzima. La tatu niliweka nadhiri kabisa: nilimwambia Mungu nitafunga kila Jumatano mwaka mzima, na nikiacha asinisikilize tena. La nne, kuacha kuwafokea watoto wangu. La tano, kufaulu mtihani wa taaluma ambao nilishaanguka mara moja. Hili nililitamka kwa imani, nikaomba kikundi kishukuru kama jambo lililokwisha kutendeka.

Sasa ni mwezi wa nane. Biblia niliishia Mambo ya Walawi 13, wiki ya kwanza ya Februari. Nilisafiri siku tisa bila kusoma, na niliporudi nikajaribu kulipa sura zote Jumamosi moja. Nilisoma 11, sikukumbuka hata moja. Alfajiri niliamka siku 16, tena si mfululizo, kwa kuwa huwa nalala saa 6 usiku. Kufunga nilifikisha Jumatano saba. Ya nane kichwa kiliniuma hadi nikashindwa kazi, nikala, na sijafunga tena. Watoto nawafokea kama zamani. Mtihani nimeanguka kwa mara ya pili, matokeo yalitoka mwezi wa sita.

Tangu hapo siendi kwenye kikundi, maana kiongozi wetu humuuliza kila mtu amefika wapi. Kanisani naingia nimechelewa na kutoka mapema. Meza ya Bwana nimeipita mara mbili kwa sababu najiona sistahili. Kila nikitaka kuomba naisikia ile ahadi yangu: asinisikilize tena.

Je, Mungu amenichoka? Nisubiri mwezi wa kwanza nianze upya? Na lile daftari nilichome?

Mama aliyechoka kuanza upya


JIBU

Dada mpendwa,

Hapana, Mungu hajakuchoka, na utaona hapo chini kwa nini sisemi hivyo ili kukupoza tu. Hapana tena kwa swali la pili: usisubiri mwezi wa kwanza. Daftari tutalifikia.

Mzigo wako ni mzito kwa sababu umeyatia mambo matano kwenye gunia moja, ukaliandika juu yake kwamba umemwasi Mungu. Yatoe moja moja. Kusoma sura tatu kwa siku na kuamka saa 11 ilikuwa mipango. Mpango ukivunjika, aliyeupanga amekosea kipimo. Hajatenda dhambi kwa hilo peke yake. Kufunga kila Jumatano ilikuwa nadhiri, na nadhiri ina uzito wake, haiishi kwa kunyamaziwa. Kuwafokea watoto ni kosa lenye watu waliokosewa. Mtihani ulikuwa tumaini, na matokeo yake hayakuwa mikononi mwako peke yako. Ukitubu mahali pa kupanga upya, utatubu mpaka ukauke na mpango usitengemae. Ukipanga upya mahali pa kutubu, utakuwa na ratiba nzuri na watoto walioumia.

Tuanze na Biblia, maana ndipo ulipoanza kujihukumu.

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Sura tatu kila siku na tano Jumapili ni sura 23 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 1,196. Yaani kwa mwaka mzima mpango wako ulikuwa na nafasi ya ziada ya sura saba. Ukiugua siku tatu tu, nafasi yote imekwisha. Siku tisa za safari zilikuachia deni la sura 29 au zaidi, na kwa kuwa sura ya kawaida husomwa kwa dakika nne au tano, Jumamosi ile ulikaa ukitaka kulipa saa mbili hivi au zaidi za kusoma kwa mkupuo. Ulikuwa unakimbiza alama ya mwisho, ndiyo maana hakuna kilichobaki kichwani.

Na mahali ulipokwama ndipo wanapokwama wengi. Kwa kasi ile, Mwanzo huisha mwanzoni mwa wiki ya tatu, na Kutoka ina masimulizi ya kukuvuta mpaka mlima Sinai. Kuanzia Kutoka 25 unaingia kwenye vipimo vya hema, mbao, mapazia na vikuku, halafu Walawi inafungua na sadaka na unajisi. Sura ya 13 peke yake ina mistari 59 ya kuhani akikagua ngozi za watu na mavazi. Haya yote yana maana kubwa, lakini yanataka kusomwa taratibu, Waebrania 9 na 10 ikiwa wazi pembeni. Mtu anayelipa deni hawezi kuyasoma hivyo.

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliwatolea washirika wake mpango wa kusoma Biblia mwaka 1842, na watu wanautumia mpaka leo. Kabla ya kutaja faida zake alitaja hatari zake: kusoma kwa desturi tu, kujihesabia haki, kusoma bila umakini, na kugeuza mpango kuwa nira isiyobebeka. Kwa aliyeona nira hiyo imemlemea alishauri aitupe pingu na ale kwa uhuru katika bustani ya Mungu. Huyo ndiye aliyeutunga mpango. Tena mgawanyo wa sura wenyewe uliwekwa karne ya 13, ili watu waweze kupata mahali kwa urahisi. Hakuna amri ya Mungu inayotaja sura tatu.

Kwa hiyo badilisha kipimo. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura tano kwa wiki unalimaliza kwa wiki 52 kamili, na kila wiki inabaki na siku mbili tupu. Siku hizo mbili ndizo zitakazokuokoa, usizijaze. Anza na Marko, yenye sura 16, ambayo utaimaliza kwa wiki tatu na siku moja. Chukua karatasi uandike namba za sura bila tarehe yoyote, maana tarehe ndiyo inayozaa deni. Ukikosa siku nne, siku ya tano unasoma sura inayofuata, moja tu, kama vile hujakosa kitu. Soma kwa sauti, hata ya chini, kwa kuwa macho huruka mistari ambayo mdomo hauwezi kuiruka. Ukimaliza andika sentensi moja: Yesu amefanya nini au amesema nini katika sura hii. Ukishindwa kuiandika, soma tena nusu ya sura badala ya kuendelea mbele. Na usitafute muda mpya katika siku iliyokwisha kujaa. Bandika usomaji kwenye jambo unalolifanya tayari kila siku, kwa mfano kabla ya kuwasha simu asubuhi, au mara tu watoto wanapolala.

Saa 11 alfajiri nako kuna hesabu. Anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 11 amelala saa tano. Wiki mbili tatu za namna hiyo, mwili hujilipa wenyewe, na mkono utaizima kengele hata hukumbuki. Usimtafute shetani katika jambo ambalo saa ya kulala imeshalieleza. Pale Gethsemane, Yesu aliwarudia Petro, Yakobo na Yohana mara tatu, na aliwakuta wamelala. Aliwauliza kama hawakuweza kukesha hata saa moja, saa ileile uliyojiwekea wewe, na sababu akaitaja mwenyewe: roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu (Mathayo 26:40-41). Hakusema kukesha si kitu; aliwaamuru wakeshe na kuomba. Lakini asubuhi yake hakwenda kutafuta mitume wengine.

Anza na dakika kumi, wakati wowote ambao huwa uko macho kweli. Soma zaburi fupi kwa sauti: ya 13 ina mistari sita, ya 121 na ya 130 zina minane kila moja. Halafu dakika mbili za kuungama kwa kutaja kitu chenyewe. Ukisema "nisamehe makosa yangu yote" kila siku, utamaliza mwaka hujaungama hata moja. Kisha dakika nne za kuombea watu kwa majina, yasizidi matano kwa siku, yakiwa yameandikwa, maana akili iliyochoka hutangatanga isipokuwa na cha kushika. Malizia na Sala ya Bwana polepole. Haifiki hata dakika moja. Muda unaobaki kaa kimya. Danieli aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), kwa hiyo hakuna ubaya kuzigawa dakika zako asubuhi, mchana na usiku. Kama bado unaitamani alfajiri, anza kurekebisha usiku: sogeza kulala mapema kwa dakika 15 kila wiki, na baada ya wiki nane utakuwa unalala saa 4. Hapo ndipo saa 11 itawezekana.

Sasa nadhiri. Hapa sitakurahisishia, kwa sababu Maandiko hayarahisishi. Mhubiri 5:4-5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Anayekwambia "achana nayo, Mungu anaelewa" anakuachia kidonda kilichofungwa bila kusafishwa, na ndiyo sababu maneno yale bado unayasikia kila ukipiga magoti.

Lakini angalia jambo hili. Ulikwama Walawi 13, maana yake sura ya 5 ulishaipita. Rudi usome mstari wa 4 hadi wa 6. Unamzungumzia mtu aliyeapa kwa midomo yake bila kufikiri, kisha akaja kutambua. Anaambiwa aungame jambo lile alilokosa, alete sadaka, na kuhani amfanyie upatanisho. Mungu alijua watu wake watatamka wasiyoyaweza, akawawekea njia ya kurudi. Na sura ya 27, ambayo hukuifikia, inapanga kiasi cha kulipa kwa aliyeweka nadhiri ya kumtoa mtu kwa Mungu. Mstari wa 8 unasema akiwa maskini kuliko kiasi hicho, asimamishwe mbele ya kuhani, naye amhesabie kwa kadiri ya uwezo wake. Kitabu kilichokukwamisha ndicho kilichobeba jibu lako.

Sadaka ya upatanisho tunayo katika Kristo, ilitolewa mara moja tu. Ila hatua zile za kuungama na kumwendea aliyewekwa kukuangalia bado zinafaa. Andika nadhiri yako kwenye karatasi kama ulivyoitamka, kisha ikate vipande viwili. Kipande cha pili, "nikiacha asinisikilize tena", ni laana uliyojitamkia. Hukuwa na mamlaka ya kumfunga Mungu masikio, naye hakutia sahihi. Kiungame kama neno la haraka, ukiache hapo. 2 Timotheo 2:13 inasema sisi tusipoamini, yeye hudumu wa kuaminiwa, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe. Kipande hiki hakihitaji ruhusa ya mtu.

Kipande cha kwanza, "nitafunga kila Jumatano", kipeleke kwa mchungaji wako. Omba dakika 20, nenda na karatasi, mweleze ulichotamka na kilichotokea, umwombe akusaidie kukiondoa au kukipunguza kufikia unachokiweza. Kama wewe ni Mkatoliki, paroko ana mamlaka ya kuilegeza au kuibadili nadhiri binafsi ya namna hiyo. Usijibadilishie mwenyewe usiku wa manane ukiwa na hatia, kwa sababu kukicha utajituhumu kwamba umejihurumia. Unaweza kumpendekezea Jumatano moja kwa mwezi, au kuacha mlo mmoja, na kile ulichokiokoa kimfikie mwenye njaa, kwa namna ya Isaya 58:7. Halafu, mpaka mwaka uishe, usiweke nadhiri nyingine yoyote. Ukitaka kumwambia Mungu nia yako, sema kama Yakobo 4:15 inavyofundisha: Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi.

Kile kichwa cha Jumatano ya nane hakikuwa upungufu wa imani. Mara nyingi anayefunga huumwa kichwa kwa sababu hakunywa maji, hakulala vya kutosha, au ameacha ghafla kahawa na chai alizozizoea. Punguza vinywaji hivyo kidogo kidogo siku tatu kabla, kunywa maji kutwa ikiwa mfungo wako unaruhusu, na fungua kwa chakula kidogo chepesi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayemeza dawa zinazotakiwa kuliwa na chakula, na aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula, asifunge bila kuongea na daktari. Kwa watu hao kuna namna nyingine ya kujinyima mbele za Mungu, na thamani yake si ndogo.

Watoto. Hapa neno ni toba, na toba hii ina anuani. Ukimwambia Mungu samahani na mtoto hujamwambia, kazi imebaki nusu. Siku hiyohiyo, kabla hajalala, inama mpaka macho yenu yalingane, umwambie: "Nilikufokea. Nilikosea. Naomba unisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Kosa la mtoto, kama lilikuwepo, lina wakati wake. Ukiliunganisha na msamaha, msamaha unageuka kuwa mashtaka. Usimlazimishe ajibu. Wakolosai 3:21 inaonya kwamba watoto wanaochokozwa hukata tamaa, na mtoto anayeombwa msamaha na mzazi anajifunza toba kabla hajaweza kuisoma.

Kwa siku saba andika tu saa uliyofoka na kilichotangulia. Huenda ukagundua ni saa moja au mbili zilezile kila siku, labda ukirudi kazini au wakati wa kuwalaza. Saa hiyo ndiyo ya kushughulikia: kaa dakika tano peke yako kabla ya kuingia ndani, sogeza kazi moja ifanyike asubuhi, mwombe mtu mzima mwingine akushikie zamu. Ila usihesabu "siku bila kufoka". Ukifika siku ya 12 ukateleza, hesabu inarudi sifuri na moyo unarudi nayo, wakati hizo siku 12 zilikuwa za kweli na watoto waliziishi. Mithali 24:16 inamwita mwenye haki mtu ambaye ameanguka mara saba akainuka tena. Na kama kufoka kumefika kwenye kupiga kwa hasira au kutukana, usilibebe peke yako. Mwambie mchungaji siku hiyohiyo unayompelekea nadhiri, tafuta na mshauri wa familia.

Mtihani sasa. Fundisho kwamba ukitamka kwa imani Mungu amefungwa kutenda limeumiza waumini wengi, kwa sababu jambo lisipotokea linawaachia maamuzi mawili tu: ama Mungu ni mwongo, ama imani yangu ni feki. Wewe umechagua la pili. Lipo la tatu. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba alikusudia mara nyingi kuwaendea akazuiliwa (Warumi 1:13), na katika Matendo 16:7 Roho mwenyewe hakumruhusu aende alikotaka kwenda kuhubiri. Daudi alikusudia kumjengea Mungu nyumba, Mungu akasema haitajengwa na yeye, na katika neno hilohilo akamwambia kwamba alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni (1 Wafalme 8:17-19). Nia ilikubaliwa, lengo likakataliwa, na Daudi hakukataliwa. Sisemi kwamba Mungu amekukatalia taaluma hiyo. Sina msingi wa kusema hivyo. Nasema matokeo ya mtihani hayakupimi imani.

Omboleza kwanza, usiruke. Zaburi 13 inaonyesha namna: mistari miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Iandike kwa maneno yako, mpangilio uleule, ukiutaja mtihani waziwazi. Ukiona ile mistari ya mwisho haikutoki, acha ya kwanza minne ikae hapo siku kadhaa. Zaburi 88 inaisha gizani, na Mungu hakuitoa kwenye Biblia. Baada ya hapo mtihani uutazame kama mtihani. Omba mchanganuo wa alama, angalia ni sehemu ipi iliyokuangusha, kama ni maarifa, muda au hofu, na uamue na mtu anayeijua taaluma hiyo kama kurudia mara ya tatu kunafaa na lini. Uamuzi huo utauombea, lakini usiutangaze.

Sasa Meza ya Bwana. Umejizuia kwa 1 Wakorintho 11, nadhani, ile ya kula isivyostahili. Isome pamoja na mistari inayoitangulia. Wakorintho walikuwa wanakula kila mmoja akitangulia kutwaa chakula chake, huyu ana njaa na yule amelewa, wakiwadharau wasio na kitu. Paulo anazungumzia namna ya kula. Na mstari wa 28 unasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate na kukinywea kikombe. Kujihoji kunaishia mezani. Ungama, fuata utaratibu wa kanisa lako, na kama utaratibu huo unataka kitubio kwanza basi anzia hapo, kisha sogea. Meza hiyo waliketi nayo mitume ambao usiku huohuo wote walimkimbia.

Na wawili kati yao wafuatilie mpaka mwisho, kwa ajili ya hili suala la kikundi. Petro alimkana na Yuda alimsaliti, na wote wawili waliumia sana. Yuda aliyapeleka majuto yake kwa makuhani, akasema amekosa, wakamjibu kwamba hayawahusu (Mathayo 27:3-5). Akaondoka peke yake. Petro alilia kwa uchungu, lakini asubuhi ya ufufuo unamkuta bado yuko na wenzake (Yohana 20:2-3), na baadaye yumo kwenye mashua pamoja na wengine sita. Pale ufukweni Yesu alikuwa amewasha moto wa makaa, kama ule ambao Petro aliota akimkana (Yohana 18:18, 21:9), akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumuuliza kuhusu ile ahadi ya kufa pamoja naye. Angekuwa mbali na wenzake, sijui nani angemwita kwenye moto ule.

Kwa hiyo rudi kwenye kikundi kabla hujajiona uko tayari. Mtafute kwanza mtu mmoja unayemwamini, si kiongozi lazima, umwambie kabla ya siku ya kukutana ili usiingie peke yako. Kwa kiongozi unaweza kutuma maneno haya: "Malengo niliyoyasoma usiku wa mwaka mpya sikuyafikia, na aibu ndiyo iliyoniweka mbali. Sasa nasoma Marko, sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Msinihesabie sura. Niulizeni tu Mungu amenionyesha nini, na mniombee." Kuhusu ule mtihani mlioushukuru mapema, sema umeanguka, na kwamba unajifunza kuomba bila kutangaza. Sentensi mbili zinatosha. Na kwa viongozi wanaosoma hapa: kumuuliza mtu mbele ya wote amefika sura ya ngapi kunafundisha watu kusema uongo au kutoroka. Swali hilo mwulizeni faragha, au msimwulize.

Jambo moja zaidi, na usilipite. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna hamu na chochote, usingizi au hamu ya kula imevurugika, huwezi kushika kazi zako, nenda umwone daktari au mshauri wa afya ya akili, pamoja na mchungaji. Ukijiwa na mawazo ya kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja, mwambie mtu aliye karibu nawe leo. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza na hotuba. Alimgusa, akamlisha, akamwacha alale, akamlisha tena, akamwambia safari hii ni kubwa mno kwako (1 Wafalme 19:4-8). Mwili ulitangulia kuhudumiwa.

Daftari usilichome. Chora mstari chini ya ukurasa ule, weka tarehe ya leo, na mbele ya kila lengo andika neno lake: mpango, mpango, nadhiri, toba, tumaini. Ukurasa unaofuata usiandike malengo. Andika jina la yule mmoja wa kikundi utakayemwambia, siku utakayomwona mchungaji, na chini yake Marko 1. Ina mistari 45, kwa sauti ni kama dakika saba. Isome usiku wa leo, watoto wakishalala, na kama leo ulimfokea mmoja wao, ukishamwomba msamaha.